Woga Ulitoka Upande Gani

Mtoto wangu wa kwanza alikuwa na siku nne tu duniani nilipotambua kwamba kelele zinamuumiza. Sufuria ikianguka jikoni, mtoto mwingine hushtuka, akalia kidogo, akanyonya, yakaisha. Wangu alirusha mikono kama mtu anayeporomoka, akalia mpaka midomo ikabadilika rangi, na hata aliponyamaza niliuhisi moyo wake ukienda mbio juu ya kifua changu. Mgeni akimbeba, mwili wote ulikakamaa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kasongo. Watoto wengi wamepita mikononi mwangu, lakini hao walinijia wakiwa na miaka sita, watu wameshawafinyanga. Huyu hakuna aliyekuwa amemfinyanga. Alikuja hivyo.

Siku ya arobaini mama mkwe wangu alimpakata, akamtazama anavyotetemeka mbele ya wanawake waliokuja kuona mtoto, akamrudisha mapajani mwangu.

"Mutoto huyu iko na woga," alisema. "Kwetu hakuna mutu wa namna hii. Uliza kwenu."

Sikuwa na wa kumwuliza, mama yangu alikuwa amefariki zamani. Basi nikalibeba neno lile. Miaka mingi niliishi na aibu kwamba nimemletea mume wangu mtoto mwenye kasoro, kama mtu aliyeuza kitambaa chenye tundu.

Na vitambaa ndiyo kazi yake. Duka la vitenge alirithi kwa baba yake, na kwa familia zile za Kiislamu za mjini, zilizokaa hapa tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, jina la nyumba linaonekana kwa namna watoto wanavyosalimu wageni. Wanajipanga, wanatoa mkono, wanaulizia habari za nyumbani kwa sauti ya kusikika. Binti yetu alikuwa akisikia tu viatu vya mgeni mlangoni, ameshapotea.

Idi moja, akiwa na miaka mitano, wageni walijaa sebuleni. Baba yake aliita mara mbili, kisha akaenda chumbani, akamvuta mguu kutoka chini ya kitanda, akamsimamisha katikati ya mkeka na gauni lake jipya.

"Salimu watu," alimwambia.

Mtoto alifungua mdomo, sauti isitoke. Mkojo ukamshuka miguuni, ukaenea mkekani. Mgeni mmoja akacheka. Mume wangu hakumpiga mbele za watu. Alingoja waondoke.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya wali.

Baada ya siku hiyo mtoto aliacha kula, nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi alikuwa mama wa makamo asiye na haraka. Alimsikiliza moyo akiwa amekaa mapajani mwangu, kisha akamwita mfanyakazi mwingine aingie tu na kusimama, akamsikiliza tena.

"Madame, mtoto wako si mgonjwa," aliniambia. "Kuna watoto wanazaliwa hivi. Ubongo wao unaona hatari upesi kuliko wenzao. Mtu mgeni akiingia tu, moyo unakimbia kama wa mtu aliyeona nyoka. Yeye hapendi iwe hivyo, ni mwili wake. Huwezi kuutoa woga huu kwa fimbo, kama vile huwezi kumpunguza urefu kwa fimbo. Mpe muda, atasogea mwenyewe polepole. Mkimsukuma, mtauzidisha."

"Inatoka kwa mzazi gani?" Hilo ndilo swali nililouliza, na mpaka leo naona haya kwamba ndilo nililouliza.

"Inaweza kutoka popote kati yenu. Jiangalieni. Mmoja wenu atajitambua."

Nilimrudia mume wangu dukani na maneno hayo. Alikuwa anakunja kitenge, mikono yake ikasimama.

"Muuguzi anajua nini juu ya nyumba yangu?" alisema, na akaendelea kukunja.

Kisha likaja kombe: aya za Kurani ziliandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, akanyweshwa siku saba. Alikunywa bila ubishi, maana hakuwa mtoto wa ubishi. Hali ikabaki ileile.

Lazima niseme pia habari yangu. Shuleni nilikuwa na sifa. Wazazi waliniletea watoto wao wanyamavu kwa sababu ilijulikana kwamba madame huyu hamsimamishi mtoto ubaoni kwa nguvu. Nilikuwa nikiwaambia walimu vijana, "Mwacheni kwanza azoee." Jioni nilirudi nyumbani na kufunga mdomo.

Alipofika miaka saba, mume wangu aliamua apelekwe Salamabila kwa wifi yangu, aliyekuwa akipikia wachimbaji wa dhahabu.

"Kule watu ni wengi, kelele mchana kutwa," alisema. "Atakomaa."

Nilisema nini? Nilisema, "Nguo zake za baridi zimembana." Nikazifungasha hivyohivyo. Asubuhi ya safari alipakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na baba yake, na hakulia. Alinitazama tu mpaka wakakata kona. Saa mbili nilikuwa darasani, nafundisha hesabu ya kutoa kwa kukopa.

Miezi kumi na mmoja. Habari zililetwa na wapita njia: yuko mzima, anakula. Kisha muuza mafuta mmoja akaniambia, bila kujua anachonipa, "Yule bubu wa kwa mama wa chakula ni wenu? Anafanana na wewe." Nikaomba ruhusa shuleni, nikapanda pikipiki peke yangu, siku mbili za matope kupitia Kabambare.

Nilimkuta nyuma ya banda, anaosha sahani. Aliponiona alisimama akatabasamu. Nilidhani ni furaha. Nikamkumbatia, nikamwachilia, tabasamu liko palepale. Mchimbaji akapita akamrushia neno, akatabasamu vilevile. Wifi yangu akamkemea juu ya sahani, akatabasamu. Ndani ya maji ya sabuni kucha zake zilikuwa zimetafunwa mpaka kwenye nyama.

"Nimemfundisha," wifi alisema kwa fahari. "Mwanzoni alikuwa anajificha. Sasa kila mutu anapita, anachekea. Mara moja moja hata anajibu."

"Ulimfundishaje?"

"Kama unavyofundisha mutoto."

Tulilala Kabambare njiani, na wenye nyumba walimsifu sana: mtoto mchangamfu huyu. Nyumbani baba yake aliwaita majirani. Binti akatoa mkono, akasalimu mmoja mmoja, akatabasamu. Mume wangu alinigeukia, macho yamejaa machozi kabisa.

"Umeona? Amepona."

Aliendelea kupona hivyo. Alisalimu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Alianza kujing'oa nywele juu ya sikio la kushoto, nami nikamfunga kitambaa.

Miaka ikapita, mama mkwe akaugua kiuno, nikawa mimi wa kumwogesha. Siku moja, nikimkausha mgongo, alimsikia binti yangu akimkaribisha mgeni uani, akacheka peke yake.

"Sawasawa na baba yake," alisema.

Niliuliza kwa nini.

"Mume wako alikuwa hivyohivyo. Mutu akiingia, yeye iko chini ya kitanda. Alijikojolea mpaka miaka minane. Baba yake akamupeleka Nyangwe kwa wajomba, wakamutupa mtoni toka kwenye mtumbwi, wanamutoa, wanamutupa, mpaka akaacha kulia. Alirudi mutu mzima. Si unamuona?"

Taulo lilikuwa mkononi mwangu. "Mama, uliniambia kwenu hakuna."

"Mutu atasema vipi jambo kama hilo mbele ya mukamwana?"

Nilimaliza kumkausha. Nilimvika. Kisha nikaenda dukani, na nikaanza kumwona mume wangu kama mtu aliyewashiwa taa: kiti chake kilichoegemea ukuta siku zote, namna anavyokwenda msalani mara tatu kabla ya wageni kufika, ile sauti kubwa anayoivaa kwa wateja na kuivua wakiondoka. Kumbe miaka yote nimelala kando ya yule mtoto wa chini ya kitanda.

"Mama ameniambia habari za Nyangwe," nilimwambia.

Alivuta kitenge kilichokwisha kukunjwa, akaanza kukikunja upya. "Ndiyo maana nilimpeleka," alisema. "Nilijua anachokisikia. Nilitaka kimtoke mapema."

"Wewe kilikutoka?"

"Mimi si ninauza? Si ninasalimu watu?"

Mteja akaingia, mume wangu akasimama kumkaribisha kwa kicheko. Nikaondoka. Hatukulizungumza tena, ingawa tunaishi nyumba moja na tunakula sinia moja.

Binti yangu sasa ana miaka ishirini na mmoja. Anashona nguo Kindu, katika chumba cha nyuma. Mwenzake ndiye anayepokea wateja. Mwaka jana alikuja siku mbili, bibi yake alipofariki. Alisalimu waombolezaji wote vizuri. Tulipobaki wawili jikoni nilimweleza yote, ya muuguzi, ya Nyangwe, ya damu ya baba yake. Nadhani nilitegemea kwamba tutalia pamoja.

Alisikiliza huku akichambua mboga za mihogo.

"Papa ninamuelewa," alisema. "Alitendewa, akatenda. Utotoni kwake hakukuwa na mtu wa kumwambia. Lakini wewe mama, munganga wa kituo cha afya alikwambia nikiwa na miaka mitano. Na wewe ni mwalimu. Wewe ndiye sikuelewi."

Hakuwa na hasira. Hata tabasamu hakuweka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Salamabila kuuona uso wake mwenyewe. Nilimwomba anipe kisu. Akanipa. Tukamaliza mboga, tukapika, watu wakala, na kesho yake asubuhi akapanda gari la Kindu.