Konokono wa Protase

Protase wa Kanoni aliondoka Karagwe na mfuko mmoja wa nguo, akarudi baada ya miaka ishirini na miwili akiwa na mifuko miwili. Maendeleo hayo. Huko Lindi kazi yake ilikuwa kuwapaka rangi konokono wa mwambani na kuwahesabu kwa niaba ya watafiti. Konokono huyo ana gamba la umbo la paa la msonge, na huling'ang'ania jiwe hata bahari ichafuke vipi. Hutoka kula mwani, kisha kila mmoja hurudi pale pale alipotoka, maana ukingo wa gamba lake umelichimba jiwe kwa kipimo chake na haukai sawa pengine. Protase aliwaonea wivu.

Kosa alilifanya asubuhi ya kwanza. Kabla hata ya kunywa chai kwa mdogo wake Novatus, aliyekitunza kibanja cha baba yao, shamba la migomba na kahawa, miaka yote hiyo, alikata vijiti vya omuramura, mmea wa mipaka, akavichomeka peke yake kwenye kipande alichokipenda. Mpaka hupandwa mbele ya ndugu na majirani. Anayepanda peke yake ni mwizi tu. Novatus aliving'oa vyote, akavitia kwenye ndoo ya maji. Siku nne hawakusalimiana. Protase akaanza kufungasha, na roho ilimuuma kweli, kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kuzeekea.

Mama yao, Kokwijuka, aliwaita wote wawili, akawapa visu wamenye ndizi, wanaume wazima na mvi zao. Akamtaka Protase aeleze alikuwa akifanya nini huko muda wote. Naye akaeleza habari za konokono.

Novatus aliuliza bila kuinua macho, "Na asiporudi?"

"Mahali pake huota mwani. Baada ya mwaka hupaoni tena."

Novatus akaweka kisu chini, akamwongoza nyuma ya nyumba. Katikati ya migomba palikuwa na duara tupu, pale kiliposimama kibanda cha ujana cha Protase. Hapakuwa na mgomba, wala mti wa kahawa, wala jani.

"Nimepapalilia kila msimu, kaka," alisema. "Wewe ukaenda kuweka mpaka kwenye kahawa yangu."

Protase alilia mbele yake bila kujificha. Jumamosi majirani waliitwa, na vijiti vikatolewa kwenye ndoo, vikapandwa kulizunguka duara lile: Novatus akivishika, Protase akifukia.