Gari Lililokatazwa Kuingia

Jirani yangu Gicheru alihudumia mashine katika kiwanda cha kahawa cha ushirika kwa miaka thelathini na moja, na hapa kwetu Gakindu hakuna aliyebisha kwamba masikio yake yalikuwa ya kipekee. Alikuwa akisimama mlangoni pa kiwanda, kofia mkononi, mashine ya kumenya kahawa ikinguruma mbele yake, halafu anasema beringi ya upande wa kushoto haimalizi wiki. Na kweli haikumaliza. "Mashine haiwezi piga kelele ya bure," alizoea kutuambia. "Ikilia, kuna mahali inaumwa."

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalonikera hadi leo. Mtu aliyezijua hivyo mashine za ushirika hakutaka kulisikiliza gari la mwanawe mwenyewe.

Mwana huyo alikuwa Mutahi, mtoto wa pekee wa Gicheru na mkewe Wangui. Alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha na mageti kule mjini Nyeri, amepanga chumba Majengo, nyuma ya msikiti. Alinunua Subaru kuukuu yenye turbo kabla hajanunua kitanda cha maana, na mama yake alimtania kwa hilo hadi akachoka. Bomba la kutoa moshi lilipopasuka, akatafuta jingine pana zaidi, lile linaloshuka kutoka kwenye turbo, akalifunga mwenyewe. Kule Majengo mwenye ploti hakuruhusu magari kufunguliwa uani, kwa hiyo kazi hiyo aliifanya huku nyumbani kwa wazazi wake siku za Jumamosi.

Tangu siku hiyo gari likawa na kelele. Likiwa baridi lilipiga tak-tak-tak kama cherehani, na likipanda mlima lilipuliza na kukoroma hadi mbwa wangu akaingia chini ya ghala. Gicheru akalingojea getini.

"Hiyo takataka haiingii hapa," akamwambia.

"Baba, inavuja tu. Kuna mahali inatoa hewa. Nitaishika."

"Ikinyamaza ndio italala hapa. Kama haijanyamaza, weka huko nje."

Mutahi hakubishana. Akawa anazima injini kule juu penye kona na kuliacha gari literemke lenyewe, kimya, hadi kwenye nyasi za kando ya barabara, nje ya geti la baba yake. Pale pana mteremko. Ndipo alipopageuza gereji yake, jeki upande mmoja na mawe mawili nyuma ya magurudumu. Mimi ua wangu wa michongoma unapakana na pale, niliona yote.

Jumatano moja mtu wa bodaboda asiyejulikana hapa alileta mzigo mdogo, ukubwa wa Biblia. Nilikuwa nikichuma sukuma wiki. Gicheru aliugeuza geuza, akasoma maandishi, akaliona neno turbo. "Kelele ingine," akasema peke yake, akaingia nao kwenye stoo ya mbolea. Alitoka mikono mitupu.

Jumamosi Mutahi akamuuliza, mimi nikisikia, "Baba, hakuna mzigo yangu ililetwa?"

"Mimi sijaona mzigo."

Hapo ndipo nilipaswa kufungua mdomo. Sikuufungua. Nilijiambia ni mambo ya baba na mtoto, na kwamba mwanamke aliyeolewa huku kutoka Meru, hata akikaa miaka ishirini na miwili, bado anaitwa mgeni siku akisema kisichotakiwa. Hayo nilijiambia. Ukweli ni kwamba sikutaka kukosana na Gicheru, kwa sababu nilikuwa nateka maji kwenye tangi lake.

Mutahi akaja kwangu akicheka. "Mama Kagendo, uko na mkebe ya mafuta ya kupika, ile ya bati? Duka wanasema gasketi walituma, sijui imekwama Karatina. Wacha nikate moja kwanza."

Gasketi ni kile kipande chembamba kinachokaa katikati ya bomba na turbo, kuziba pengo ili moshi usitoroke. Nilimpa mkebe. Niliuosha mwenyewe kwa maji moto. Nikampa na makasi yangu ya kushonea, akakaa kwenye benchi langu akaikata, akipima matundu kwa kalamu, ulimi ukimtoka pembeni kama alipokuwa darasa la pili. Nilimpa bati badala ya neno moja.

"Hii itashika siku mbili tatu," akaniambia, "mpaka mzigo ifike."

Ilishika wiki. Jumamosi iliyofuata kelele ilikuwa imerudi, na Mutahi akaingia tena chini ya gari kukaza nati. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi na manyunyu usiku kucha, na udongo wa pale umelowa. Jeki ilizama upande mmoja. Nilisikia mlio mmoja mfupi, halafu Wangui akilia. Wanaume tisa waliinua gari. Mutahi alikuwa amekufa.

Baadaye wanaume hao hao walilisukuma gari hadi ndani ya ua, kwa sababu hakuna aliyejua aliweke wapi. Hivyo ndivyo lilivyopita geti la Gicheru mara ya kwanza tangu lianze kelele.

Tulimzika Mutahi chini ya shamba, karibu na kahawa. Siku ya nne baada ya mazishi Wangui akamwambia mumewe, "Nimeambia ndugu yangu Muchiri akuje achukue hiyo gari. Siwezi amka nikiiona."

"Nipee mpaka Jumamosi," Gicheru akamwambia. "Nimalize kazi yake kwanza."

Mimi Gicheru alinieleza sababu kwenye tangi la maji, bila kuniangalia. "Nilimwambia ikinyamaza italala hapa. Sasa inalala hapa na haijanyamaza. Nataka inyamaze, Mama Kagendo. Hata kama ni siku moja."

Nilimchukia sana wakati huo, na nilijichukia pia, na hizo chuki mbili sikuweza kuzitenganisha.

Aliliinua gari kwa magogo ya mgrevilea, makubwa, yaliyopangwa yakikingamana kila upande. Kisha akalisukuma kwa bega, mara tatu, kuona kama litatikisika. Halikutikisika hata kidogo. Nilikaa nikiyatazama yale magogo. Yalikuwa yamelala nyuma ya ghala lake mwaka mzima.

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijafika kwenye majani, aliniita. "Nisaidie kushika."

Alikuwa amejaza maji ya sabuni kwenye bomba lake la mgongoni, lile la kunyunyizia kahawa dawa. Mimi nikapewa gunia lililoloweshwa. Kazi yangu ilikuwa kuubana mdomo wa ekzosi, pale bomba la moshi linapoishia nyuma, nisiuzibe wote, ili moshi ukose njia na utafute pengo. Akawasha. Tak-tak-tak ikaanza. Nilibana kwa mikono miwili, nikihisi pumzi ya gari ikinisukuma, naye akalala chini na kunyunyiza sabuni kila kiungo, kimoja kimoja, bila haraka. Kiungo cha nyuma hakikuwa na kitu. Cha katikati hakikuwa na kitu.

"Iko hapa!" akaita. "Kwa turbo. Inatoa povu."

Tulizima tukangoja bomba lipoe. Wangui alikuwa jikoni, mlango wazi, hakutoka. Gicheru akafungua nati tano zilizoshikana na kutu, akashusha bomba, na kitu kidogo cheusi kikadondoka kwenye kiganja chake. Akatoka chini akiwa amekishika. Kilikuwa kimeungua upande mmoja hadi kikakatika. Upande wa pili bado uling'aa njano, na herufi mbili za jina la mafuta ya kupikia zilionekana.

Alikigeuza muda mrefu. "Hii alikata na nini?"

"Makasi yangu."

"Na mbona akate? Hii kitu si inauzwa?"

Nilimtazama usoni. Safari hii nilisema. "Aliagiza, Baba Mutahi."

Hakuniuliza aliagiza lini. Alisimama, mikono bado imejaa grisi, akaenda moja kwa moja kwenye stoo. Nikasikia magunia ya mbolea yakianguka, moja baada ya jingine. Alirudi na ule mzigo, umejaa vumbi jeupe, akaufungua kwa meno. Ndani mlikuwa na gasketi mbili za chuma, zinang'aa, na nati tano mpya. Hakuna kingine. Hakukuwa na kelele yoyote mle ndani.

Akaweka ile gasketi ya duka juu ya ile ya bati. Matundu yaliingiana, yote matano.

"Alikuwa fundi," akasema. "Huyu kijana alikuwa fundi, na alifanya na makasi." Kisha akaketi kwenye gogo akalia kwa sauti, na mimi nikasimama pale na gunia langu, nikilia pia, wala sikumgusa.

Alipomaliza akarudi chini. Akafunga gasketi, akakaza nati kwa kukingamanisha, kidogo huku na kidogo kule, kama anavyofanya mtu asiyetaka bomba lipinde. Akawasha. Hakukuwa na tak-tak, wala kupuliza. Gari lilinguruma chini kwa chini, sauti nzito tulivu, hata kuku waliendelea kula. Gicheru aliinamisha kichwa upande mmoja, kofia mkononi, akasikiliza vile alivyosikiliza mashine za kiwanda maisha yake yote.

"Imepona," akasema.

Wangui akatoka jikoni. Tangu mazishi hakuwa amelikaribia lile gari. Alikuja hadi karibu na taa za mbele, akafuta mikono kwenye leso.

"Imenyamaza," akasema. "Kumbe ilikuwa na nini?"

Nilidhani atamwambia ni nati iliyolegea. Ingekuwa rahisi, na mimi ningenyamaza tena, najijua. Lakini Gicheru alizima injini kwanza.

"Ilikosa gasketi. Ililetwa hapa, Wangui. Nilificha kwa stoo. Aliniuliza nikamwambia sijaona."

"Na mimi niliona ikiletwa, Mama Mutahi," nikasema. "Nikanyamaza."

Wangui alitutazama, yeye halafu mimi, halafu yeye tena. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Itoe hapa," akamwambia mumewe.

"Wangui, nilimwambia ikinyamaza..."

"Itoe. Weka pale ulimwambia aweke."

Gicheru aliondoa magogo, akaingia garini, akawasha. Mimi nilitangulia kulifungua geti. Gari lilipita ubavuni mwangu polepole, kimya, nikasikia hadi kokoto zikivunjika chini ya magurudumu. Akaliweka kwenye nyasi za mteremko, mahali palepale, akashuka, akatafuta mawe mawili na kuyaweka nyuma ya magurudumu. Alichukua muda kuyapanga.

Tulipogeuka kurudi, Wangui alikuwa amefika getini. Akalivuta, akaingiza komeo kwa ndani, akaondoka. Mimi na Gicheru tukabaki huko nje, pamoja na gari.