Goti la Shangazi na Mzunguko wa Barnt Green

Safari hii ilianzia kwenye goti. Goti lenyewe si langu, ni la Shangazi Zuhura wa Stechford, hapa Birmingham, dada wa marehemu baba yangu, lililofanyiwa upasuaji mwaka jana. Shangazi amenuia kwenda umra. Nguo keshashona, dua keshahifadhi, na mimi, mtoto wa kaka yake, ndiye niliyechaguliwa kufuatana naye, kwa sababu mwanawe Salim anaendesha basi na likizo haipati. Tatizo ni kwamba Salim hakuamini kama mama yake ataweza kutembea huko.

"Mama, kule kuna viti vya magurudumu," alimwambia. "Kama hutaki kiti, tungoje mwakani."

"Mimi miguu ninayo," Shangazi akajibu. "Ipimeni."

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Lazima nieleze kwamba mimi ni mhitimu wa masomo ya usiku. Nilianza darasa nikiwa tayari na mvi, kila nikitoka zamu kwenye kiwanda cha mikate, na nikapata cheti cha jiografia ambacho kimetundikwa sebuleni kwangu Winson Green, mahali ambapo hata mgeni aliyefumba macho atakiona. Basi nikatandaza ramani mezani, nikawaonyesha mzunguko wa maili tano: unaanzia stesheni ya Barnt Green, unapita msituni, unapanda vilima, unakatiza mashamba, unarudi stesheni ile ile. Tukakubaliana. Shangazi akiumaliza kwa miguu yake, anakwenda umra mwaka huu, bila kiti. Akipanda chombo chochote njiani, safari inaahirishwa.

"Na shahidi nani?" Salim akauliza.

"Mimi hapa."

"Kaka, wewe kuku wako akitaga unasema katotoa mbuni. Ntakuja mwenyewe stesheni saa tisa, nimwone anavyofika."

Saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mwezi wa tano, nilimpitia Shangazi kwake Stechford. Alivaa buibui, koti la mvua juu yake, na raba nyeupe za mjukuu wake. Mimi nilikuwa na mabuti mapya ya kupandia milima, yamenunuliwa jana yake, mazito kama matofali, yenye soli ambayo ingeniwezesha kutembea juu ya mwezi. Shangazi aliyatazama.

"Umeyavaa nyumbani kwanza?"

"Mabuti kama haya hayahitaji kuzoeshwa, Shangazi. Yenyewe yanakuzoea wewe."

Alitia tasbihi mfukoni, akanikabidhi kikapu chenye chupa ya chai, katlesi na mkate wa kumimina, tukaondoka.

Saa nne na nusu tulishuka Barnt Green. Treni ilijaa mpaka Selly Oak, wanafunzi wakashuka na mikoba yao, na baada ya hapo behewa likawa letu peke yetu. Nje ya stesheni Shangazi alisimama kwenye lango dogo la chuma, akalishika kwa mkono.

"Hapa ndipo ninapoanzia," alisema. "Usije ukanizungusha ukaniambia ni pale."

Msituni tuliingia muda mfupi baadaye. Nimeishi Birmingham miaka mingi nikidhani ardhi yake ni lami mpaka chini kabisa. Kumbe nusu saa tu ya treni kuna miti mirefu iliyoanza kutoa majani mapya, mepesi hata jua linapenya, na chini yake maua ya buluu yametandazwa kila mahali kama vile mtu ameanika kanga za harusi nzima. Ndege walipiga kelele kuliko soko. Shangazi alikuwa akienda polepole, kwa mwendo mmoja, kama cherehani. Nilimwuliza kuhusu goti.

"Niulize mimi. Goti halina mdomo."

Kisha zikaja ngazi. Zimechimbwa ubavuni mwa kilima, na kila moja imezuiwa kwa gogo, kwenda juu moja kwa moja. Mimi nasema zilifika elfu moja. Shangazi, aliyekuwa akihesabu kwa tasbihi, anasema ni mia na kitu. Tuache hivyo. Ninachojua ni kwamba nilipofika juu moyo wangu ulikuwa ukinigonga masikioni, na kisigino changu cha kulia kilikuwa kimeanza kuzungumza na buti.

"Mbona unachechemea?" akauliza.

"Nasikiliza mandhari."

"Kwa kisigino?"

Saa saba na robo tulikuwa juu ya Beacon Hill, kilima cha mwisho. Mji wote ulikuwa chini yetu: minara ya katikati ya mji, mabati ya viwanda, na paa ambalo niliapa ni la nyumba yangu. Shangazi akasema kwa macho haya nisingefeli mtihani wa leseni ya udereva mara tatu. Tukatafuta kibla kwa simu, tukasali adhuhuri kwenye nyasi, yeye juu ya koti lake na mimi juu ya gazeti. Aliinuka kutoka sijida bila kushika kitu. Nilimwona akitabasamu kidogo, peke yake, mtu ambaye anajua siri ya goti lake.

Kuteremka ndiko kulikonimaliza. Kila hatua buti lilikuwa likinimenya kama ndizi. Mashambani tulifika karibu na saa nane: kondoo wanene, vitalu vya ngano vya kijani, na lango la mbao lenye kibao cha kuonyesha njia ya watu wote. Nikashika komeo.

"Ngoja," Shangazi akasema. "Hili ni shamba la nani?"

Nikamweleza, kwa cheti changu chote, kwamba katika nchi hii njia za namna hii ni haki ya kila mpitaji, zimechorwa kwenye ramani, na sheria inazilinda.

"Kwa hiyo serikali imeruhusu."

"Imeruhusu."

"Na mwenyewe je?"

Nikamwambia mwenyewe haulizwi. Akanitazama kana kwamba nimemwambia watu huingia jikoni kwa wenzao wakafunua masufuria. Saa ilikuwa inakwenda, Salim atakuwa anasubiri, lakini Shangazi alikwisha kata kona kuelekea nyumba ya mkulima, na mimi nyuma yake nikiruka kwa mguu mmoja.

Mbwa alibweka. Mlango ukafunguka, akatoka baba mmoja mkubwa kama kabati, uso umekunjamana.

"Lango limeachwa wazi tena?" aliuliza.

Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hapana, shangazi yangu anaomba ruhusa ya kupita shambani.

"Lakini njia ipo pale. Ni ya kila mtu."

"Anajua. Anaomba tu."

Yule baba akamtazama Shangazi, akatazama raba zake zilizojaa tope, akageuka na kumwita mkewe: "Jean, njoo. Kuna watu wamebisha hodi kupita." Alisema hivyo kama mtu anayetangaza kuandama kwa mwezi. Mwenyewe anaitwa Colin. Alitueleza kwamba amelima hapo tangu ujana, watu wanapita kila siku, wengine wanaachia mbwa wao wafukuze kondoo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza.

Tukaketishwa kwenye benchi la nje. Jean akaleta chai. Shangazi akanong'ona kwamba maziwa na majani hayajajuana bado, akafungua chupa yetu akawamiminia ya kwetu. Colin alikunywa vikombe viwili na kula mkate wa kumimina vipande vitatu. Mimi nilisema vinane, Shangazi akanikanyaga.

Alinikanyaga mguu ule ule. Nikapiga kelele, buti likavuliwa, na kila mtu akaona: lengelenge limepasuka, soksi imelowa damu. Jean akaleta plasta, lakini buti halikukubali tena kuingia.

"Nakwenda stesheni kupokea mzigo," Colin akasema. "Pandeni wote wawili."

Nikatafsiri. Nilitafsiri polepole, maana hata mimi nilitaka akubali. Alikuwa ametembea maili nne, na saa tisa ilikuwa imekaribia.

"Mwambie ahsante sana," Shangazi alisema. "Wewe panda. Mimi goti langu lina mtu anayeingoja habari yake."

"Shangazi, njia huijui."

"Huyu bibi anaijua. Mwambie kwetu mgeni husindikizwa."

Nikamwambia. Jean hakuuliza mara mbili. Aliingia ndani akatoka na koti.

Saa tisa na dakika kumi gari la Colin, limejaa nyasi na harufu ya kondoo, lilisimama mbele ya stesheni. Salim alikuwa ameegemea gari lake. Alipoona gari la shamba, uso ulimshuka. Akaja mbio, akafungua mlango, akanikuta mimi na buti mkononi.

"Mama yuko wapi? Kaanguka?"

"Anakuja."

"Anakuja na nini?"

"Na miguu."

Hakuniamini, na simlaumu. Tulisubiri. Salim alitembea kwenda na kurudi mpaka nikahisi yeye ndiye anayefanya mtihani. Halafu pale kwenye kona vikatokea buibui la Shangazi na koti la kijani la Jean, bega kwa bega, kila mmoja akisema lugha yake na wote wawili wakicheka. Shangazi hakuongeza mwendo wala hakupunguza. Alitupita, akaenda mpaka kwenye lango dogo la chuma, akalishika.

"Hapa ndipo nilipoanzia," alimwambia mwanawe.

Salim aliinama, akamfuta tope kwenye raba, akakawia kuinuka. "Safari ipo, Mama," alisema. Kisha akanigeukia. "Lakini huyu atakayefuatana nawe..."

"Huyu asikutie wasiwasi," Shangazi akasema. "Si umesema kule kuna viti vya magurudumu? Tutamkodia kimoja."

Colin, bila kuelewa neno, alicheka kuliko wote.

Nilichojifunza ni hiki: mtihani wa usiku niliufaulu, huu wa mchana narudia. Kila Jumamosi sasa natembea mzunguko ule, na Shangazi ndiye msimamizi. Mabuti nayavaa nyumbani, hata kwenye kochi. Juzi tulifika kwenye lango la mbao, nikasimama mwenyewe bila kuambiwa, nikavua kofia, nikapaza sauti kuelekea kwenye nyumba: "Hodi."

Kondoo mmoja akaitikia. Shangazi akanipita, akafungua komeo.

"Sasa umeanza kusoma," alisema.