Mjomba Alipojitoa Kama Waingereza

Mtaniuliza ni nini kilinitoa Louisville nikaendesha gari hadi Buffalo, mji ambao theluji yake ilikuwa haijasikia kwamba Aprili imefika. Jibu ni Uingereza. Msicheke. Waingereza walipiga kura wakajitoa katika Umoja wa Ulaya, na miaka kadhaa baadaye, wakati wao wenyewe wameshaanza kubisha hodi Ulaya kwa adabu, shemeji yangu wa Buffalo akajitoa katika kundi la ukoo kwenye simu. Aliandika maneno machache tu: "Sawa vile Waingereza, na miye natoka." Kisha akatoka kweli.

Shemeji huyu ni Byamungu, kaka mkubwa wa mke wangu, mzaliwa wa Bukavu. Sote tunamwita Mjomba, hata sisi tusiostahili, kwa sababu ndivyo watoto wanavyomwita. Mimi ni Mkenya wa Nakuru. Nilikuja Kentucky kusoma, nikamaliza, nikaajiriwa, nikaoa Mkongo, na tangu hapo sijakaa hata wiki moja bila kikao cha familia.

Kwa miezi mingi kundi la ukoo lilikuwa limejaa siasa za London. Upande mmoja Mjomba, akiwashangilia waliojitoa. Upande wa pili Baba Furaha wa Columbus, aliyemwoa dada wa mke wangu, kwa hiyo ni mwanyumba wangu, akiwalilia waliobaki. Hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga London. Mmoja yuko kiwandani, mwingine yuko kwenye ghala, na wote wawili hufanya kazi wakisikiliza redio masikioni, kiasi kwamba wanawajua mawaziri wa Uingereza kuliko meya wa mji wanaoishi. Waziri mkuu mpya akiingia, Mjomba alikuwa akituma picha yake kabla hajakalia kiti. Akitolewa, Baba Furaha aliituma picha ileile bila kuongeza neno. Na kwa jinsi London walivyokuwa wakibadilishana, picha hazikukauka.

Mimi niliingilia mara moja. Niliandika kwamba Mkenya akimsikia Mwingereza akidai uhuru wake, inabidi kwanza atafute kiti akae. Nilinyamazishwa na pande zote mbili.

Tungeendelea kucheka kama si Furaha, binti wa Baba Furaha, kuposwa. Mahari, ambayo Wakongo huiita dot, ilipangwa kupokewa Jumamosi, Columbus. Sasa kwa mila ya wakwe zangu, dot bila mjomba si dot. Kuna mbuzi wake, na kamba ya mbuzi huyo lazima aishike yeye kwa mkono wake. Asipoishika, watu watakula, watacheza, watapiga picha, lakini binti atakuwa hajatolewa. Na Mjomba alijitoa kwenye kundi siku ileile tarehe ya dot ilipoandikwa. Tangu siku hiyo simu yake iliita mpaka ikachoka.

"Enda wewe," mke wangu, Mama Imani, aliniambia. "Wewe ni Mkenya, hauna upande."

"Sisi tulitawaliwa na Waingereza. Nina upande."

"Njo vizuri. Mulishabazoea." "Njo" ya kwao ni "ndiyo" yetu.

Alhamisi asubuhi niliondoka Newburg, mtaa wetu wa Louisville, nikiwa na chupa ya chai, karanga, na hoja. Hoja nilikuwa nimezikusanya wiki nzima: samaki wa Waingereza, mpaka wa Ireland, malori yanayosubiri kukaguliwa bandarini. Nilipita mashamba ya farasi nikiuhutubia usukani, na usukani ulikubali kila nilichosema. Pale Cincinnati nikavuka mto kutoka Kentucky kuingia Ohio. Hakuna aliyenisimamisha, hakuna aliyeniuliza nimebeba nini, nikavuka mpaka nikiwa bado natafuna karanga. Nikaiweka hiyo nayo kwenye hoja.

Westerville, kaskazini mwa Columbus, nilifika mchana. Aliyenifungulia mlango ni Furaha mwenyewe, macho yamevimba.

"Uncle, mlete tu," alisema. "Please. Mama halali."

Baba Furaha alinivuta hadi kwenye banda la gari. Gari lilikuwa limelala nje, na mahali pake alikuwa amefungwa mbuzi mweupe mwenye dharau, aliyenunuliwa na upande wa bwana harusi kwa mkulima fulani huko mashambani. Jirani alikuwa ameuliza ni sauti ya nani ile, na Baba Furaha akamjibu kuwa ni mgeni.

"Shemeki, sikia vizuri," aliniambia, huku mbuzi akitafuna pindo la koti langu. "Miye nilivuka mupaka na huyu Furaha ku mugongo. Batu banapiga masasi nyuma yetu. Mutu aliona mupaka vile hawezi kushangilia mwenye anajenga ingine. Donc, miye sina makosa."

Hapo sauti yake ilibadilika, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba kwa huyu bwana Uingereza haikuwa mchezo.

Kisha akageuka kuwa mwanadiplomasia. "Bon. Umuongeleshe pole pole. Umuambie hata kule London sasa banajuta. Lakini tarehe usiitaje. Ile tarehe njo ilimukasirisha."

"Kwani nani aliichagua?"

Akamtazama mbuzi. Mkubwa wa upande wa bwana harusi anaishi Bruxelles, yaani Brussels ya Ubelgiji, penye makao makuu ya Umoja wa Ulaya, alisema, na alikuwa ameshakata tiketi ya ndege. Kwa hiyo Bruxelles ndiyo iliyopanga siku.

Nilitaka kukaa chini, lakini kiti kilikuwa kimekaliwa na majani ya mbuzi.

Ijumaa nilishika njia mapema. Nilipopita Cleveland ziwa Erie likajitokeza kushoto, la kijivu, na upepo wake ukaanza kulisukuma gari langu kama vile unalidai. Buffalo nikaikuta nyeupe. West Side ni mtaa wa nyumba kuukuu za mbao zilizosimama bega kwa bega, kanisa hapa, duka dogo la mihogo na dagaa pale, basi la jiji likijivuta katikati. Mjomba alikuwa nje na sepetu, akizoa theluji mbele ya mlango wake. Alipomaliza kwake akaendelea kwa jirani, bila kuniangalia.

"Karibu, Kenya," alisema hatimaye. "Umekuja kunirudisha?"

"Nimekuja kukusalimia."

"Muongo."

Mkewe, Mama Riziki, alitukarimu kwa fufu ya unga wa muhogo, sombe ya kisamvu na samaki. Nikala kwanza, maana hoja haziendi na njaa. Kisha nikaanza na samaki wa Waingereza. Mjomba akasema samaki ni wao. Nikaingia kwenye mpaka wa Ireland. Akasema Ireland waulizwe Waireland. Nikaleta malori ya bandarini, akasema malori yalianza kungoja kabla mimi sijazaliwa.

"Kenya, sikia," alisema, akinawa mikono. "Nyinyi balibatawala Waingereza. Sisi ni Bruxelles. Baba yangu alikuwa anatoa kofia mbele ya kijana mudogo juu ametoka Bruxelles. Leo mutu akisema anatoka chini ya Bruxelles, miye namupigia makofi. Hata kama ni Mwingereza."

Katika wiki nzima ya kujiandaa sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kuwapenda Waingereza kwa sababu ya kofia ya baba yake.

Jioni nikagundua jambo lililonifurahisha. Mjomba alikuwa amejitoa kwenye kundi, lakini Mama Riziki alikuwa bado ndani, na baada ya sala Mjomba alijinyoosha kitini akauliza, "Banasema nini?" Mkewe akamsomea yote, tangu salamu mpaka picha ya mbuzi. Alipofika kwenye neno la Baba Furaha kuhusu mkutano mpya kati ya London na Ulaya, Mjomba akaruka na kumwamuru mkewe aandike jibu refu.

"Umetoka," Mama Riziki akamkumbusha. "Mutu mwenye ametoka hajibu." Akageuza simu.

Nikaona mlango uko wazi, nikajipenyeza. Nikamwambia Mjomba kwamba hata hao Waingereza wako hivyohivyo. Wametoka, lakini hawalali bila kujua Ulaya imepika nini. Leo wanazungumzia chakula kipite bila karatasi nyingi, kesho wanazungumzia vijana wao wakasome ng'ambo. Wanarudi kimyakimya.

"Habarudi. Banaongea tu."

"Kuongea si ndiyo kurudi?"

"Hapana," alisema. "Kurudi ni mupaka mutu akuite." Akaenda kulala.

Jumamosi niliamka nimeshindwa, na niseme wazi, nilikuwa na huzuni. Niliyafikiria macho ya Furaha. Nilimfikiria mama yake, atakavyosimama barazani akiona gari langu limerudi na mtu mmoja. Nilikunywa chai ya haraka, nikavaa viatu mlangoni, na kwa kuwa sikuwa tena na la kupoteza, nikamuaga Mjomba kama mtu anavyoaga.

"Haya Mjomba. Dot ya Furaha ni leo, saa nane mchana, Columbus, nyumbani kwa dada yako. Mimi nimetumwa tu."

Mara nikajing'ata ulimi. Tarehe!

Mjomba aliweka kikombe chini.

"Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti ya mshtakiwa.

"Nani amekutuma?"

"Dada zako. Wote wawili. Na Baba Furaha."

"Bon," alisema. Akainuka, akafungua kabati la makoti lililo nyuma ya mlango, akatoa begi. Begi lilikuwa limefungwa tayari. Nyuma ya begi ilining'inia suti nyeusi, bado iko ndani ya nailoni ya dobi. Mama Riziki akatokea chumbani amevaa kitenge cha sherehe, kilemba kimekaa sawasawa, na kilemba cha namna ile hakifungwi kwa dakika moja.

"Mlikuwa mmejitayarisha?" niliuliza.

"Tangu Jumatatu," Mama Riziki akanijibu, akitafuta viatu vyake.

Mjomba alikuwa anafunga tai mbele ya kioo. "Kenya, miye ni mujomba wa ule mutoto. Tarehe yake niliisoma ku simu, sawa vile tangazo ya theluji. Hakuna mutu alikuja. Hakuna mutu alisema na kinywa. Bruxelles ilisema, Columbus ikaandika, miye nikasoma. Sasa mutu amekuja, amesema. Twende."

"Na Uingereza?"

"Uingereza ni mambo yao."

Nimeendesha gari katika hali nyingi, lakini sijawahi kuendesha nikiwa na furaha na hasira kwa kipimo kilekile. Majimbo manne, wiki nzima ya samaki na malori, kumbe kazi yangu ilikuwa sentensi moja. Na sentensi yenyewe ndiyo niliyokatazwa kuisema. Kutoka Buffalo mpaka tunaliacha ziwa nyuma, Mjomba alikaa mbele akinieleza makosa ya kila waziri mkuu wa Uingereza mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa walikuwa wengi, walitutosha mpaka Columbus.

Tulifika wageni wameshaketi. Dada yake, mama wa Furaha, alipomwona akishuka garini alishika mdomo wake kwa mikono miwili akaingia ndani. Baba Furaha na Mjomba walisalimiana kwa kugusana mabega, kila mmoja akitazama upande wake. Yule mkubwa wa bwana harusi, aliyetoka Bruxelles, alikuwa mtu mpole mwenye miwani, na alipoulizwa kuhusu Waingereza alisema yeye si mtu wa kuwafikiria sana, isipokuwa foleni ya uwanja wa ndege ilibadilika kidogo. Mjomba na Baba Furaha wote wawili walimkasirikia.

Mbuzi akaletwa. Mjomba akasimama, lakini kamba hakuishika.

"Bruxelles imeleta mbuzi," alisema. "Ni mbuzi muzuri. Lakini Bruxelles ijue, ku hii nyumba tarehe inasemwa na kinywa. Inatumwa mutu."

Yule bwana wa Bruxelles akavua miwani, akapiga goti moja zuliani, akapiga makofi taratibu kama anavyofanya mtu wa kwao mbele ya mkubwa. "Mutusamehe, Mujomba. Ilikuwa tiketi."

Nilimwangalia Mjomba. Alisimama pale akimtazama mtu wa Bruxelles aliyepiga goti, na nadhani alikuwa anaifikiria kofia ya baba yake, kwa sababu macho yake yalijaa. Kisha akashika kamba. Furaha akaanza kulia, vigelegele vikapasuka, na mbuzi akatoa sauti ambayo jirani bila shaka aliisikia.

Baadaye, tukila, Baba Furaha alichomoa simu. "Nikurudishe mu groupe?"

"Hapana," Mjomba alijibu, akimwekea kipande cha nyama kwenye sahani. "Nilitoka."

Jumapili baada ya ibada mimi na Mama Imani, aliyekuja Columbus kwa basi, tulirudi Louisville. Sijui Waingereza walitaka nini hasa walipotoka, na sijui kama kuna mtu Ulaya anayepanga kuwaendea na kuwaambia jambo kwa kinywa. Mimi najua ya kwetu tu. Mjomba mpaka leo hayumo kwenye kundi, na hatukosi kumsikia, maana Mama Riziki bado anamsomea kila jioni.

Juzi shule ya Imani ilitangaza siku ya mahafali yake. Mama Imani alisoma tarehe, akaandika ujumbe kwa kundi zima, kisha kidole chake kikasimama hewani. Akaufuta. Akaniangalia.

Nikaenda kutafuta funguo za gari.