Aliyemnyima Jirani Waya

Wiki iliyopita tulimzika kule Lukozi, milimani Lushoto, mama mmoja ambaye wasomaji wangu hawamjui, nami nisingemjua kama si viazi vyake. Moyo ulimsumbua muda mrefu, hatimaye ukamshinda. Hatukuwa watu wa kutembeleana; nilikwenda kununua gunia, nikajikuta nimekaa jikoni kwake hadi kikombe cha pili. Alikuwa ameishi ughaibuni miaka mingi, katika nchi ya baridi kali, akitunza wazee wa watu, kisha akarudi akajenga nyumba na kuvuta umeme wakati nguzo ndiyo kwanza zimefika barabarani. Umeme huo ndio uliomletea jina baya. Jirani yake wa upande wa pili wa migomba alimwomba amvutie waya, akakataa. Huku milimani anayekuja kuomba kaa la moto hanyimwi hata kama mmegombana, na watu waliuhesabu umeme kuwa moto kama moto mwingine. Basi akaitwa mchoyo, na jirani akakata mguu.

Siku moja nilimtania kuhusu uchoyo wake. Hakucheka. “Taa ningempa, ndugu yangu,” alisema. “Lakini waya ukishavuka migomba haubaki wa taa. Kesho pasi, keshokutwa friji.” Halafu, huku akisuuza vikombe, akanieleza habari ya nyumba kuukuu waliyopanga huko ng’ambo, wanawake watupu kutoka pande zetu, kila mmoja na hita yake na sufuria yake ya umeme, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni, nyaya zimepita chini ya zulia. Swichi ya kwenye boksi la umeme, ile inayojikata yenyewe mzigo ukizidi, ilikuwa ikianguka karibu kila jioni. “Sisi tumezoea kukatiwa umeme. Tukaona huu ni mgao tu, tena mgao mzuri, maana unaurudisha mwenyewe kwa kidole. Tunapanda kiti, tunairudisha, tunacheka.” Jumapili moja wote walikuwa ndani wanapika, na swichi haikuanguka. Zulia likaanza kutoa moshi. Walitoka wote, ila mmoja alirudi kuchukua mkoba wenye pasipoti yake, na mikono yake haikufaa tena kwa kazi iliyompeleka kule. Ndiye aliyekuwa amempokea huyu mama siku ya kwanza, akampa koti lake. Nikamuuliza kama jirani anaijua habari hiyo. “Nilimwambia,” akasema. “Akajibu kwamba natafuta visingizio.”

Nimeitafakari sana ile raha ya kurudisha swichi kwa kidole. Sisi tumelelewa na umeme wa kuja na kuondoka, kwa hiyo ukija tunaukimbilia wote kwa pamoja: simu zichajiwe, sare zipigwe pasi, maji yachemke, kabla haujaondoka tena. Tukifika kwenye nchi ambako haukatiki, tunadhani pia hauna mwisho. Wala si lazima upande ndege kuona hayo. Siku hizi ukiingia nyumba nyingi za Lushoto utakuta soketi moja imebebeshwa televisheni, friji na jagi la umeme la kuchemshia maji ya kuoga, na waya umepita chini ya mkeka wanapochezea watoto. Swichi ikianguka tunailaumu serikali.

Msibani ukungu ulikuwa umeshuka na baridi ilikuwa ya kukata. Wapwa wa marehemu, vijana wachapakazi, walileta hita kwa ajili ya wazee, majagi ya chai, spika na kinanda cha kwaya, vyote vikachomekwa sebuleni. Swichi ikaanguka. Mpwa mmoja akairudisha. Ikaanguka tena, akairudisha, na alipokuwa anaifuata mara nyingine, mama aliyekaa mwisho wa benchi akainuka akaziba boksi kwa mgongo wake. Alikuwa yule jirani. Tangu anyimwe waya hakuwa amekanyaga nyumba ile, ingawa kwake umeme uliingia zamani.

“Usiirudishe,” alisema.

“Shikamoo, mama. Ni swichi tu, inaanguka.”

“Marahaba. Naona inaanguka. Mwenye nyumba hii alininyima waya kwa ajili ya kuanguka huko. Chomoa hita, chomoa na majagi.”

“Na chai ya watu?”

“Chai itatoka kwangu.”

Kijana aliposogeza kabati kufikia soketi, plastiki yake ilikuwa imeyeyuka na ukuta umeanza kuwa mweusi. Kwaya iliimba bila spika, na sijui kama ingependeza zaidi kwa spika. Wanawake wakavuka migomba na chupa za chai kwenda na kurudi, ilhali jirani akabaki palepale kwenye boksi hadi jeneza lilipotolewa. Nilipompa pole alinishika mkono, asiuachie. “Aliugua hapo, nami naona bati la nyumba yake kila asubuhi,” akaniambia. “Sikuja.”

Viazi nitapata kwingine. Ninachoondoka nacho ni hiki: swichi ikianguka, tusiirudishe kabla ya kuuliza imebebeshwa nini. Na mtu akitukatalia jambo akatupa na sababu, tumsikilize angali hai, maana yule mama alitoa sababu yake mapema, na aliyeiamini aliiamini akiwa amesimama karibu na jeneza lake.