Tangi la Mkondo B

Mwalimu Bertilla amefundisha darasa la pili mjini Sumbawanga kwa miaka kumi na tisa, na sayansi yake yote imo kwenye makopo ya rangi yaliyopangwa dirishani: maharage, mahindi, ulezi. Watoto wa mkondo wake, A, humwagilia, hupima miche kwa rula, huichora. Aliniambia kwamba hadi Mei hakujua kama ana wivu.

Mei ndipo alipohamia Jastin, kijana wa Namanyere, kufundisha mkondo B. Alikuja na tangi la kioo lililoundwa na fundi madirisha, na samaki wadogo kumi na wawili wenye mistari ya njano, waliosafiri kwa basi ndani ya ndoo kutoka Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Watoto wa A wakawa wanaomba ruhusa ya kwenda chooni, kisha wanakutwa wamebandika nyuso kwenye dirisha la B. Ofisini walimu wakamtania Bertilla: "Madam, maharage yako hayajaanza kuogelea?" Akacheka nao, chai akaiacha nusu.

Faraja yake ilikuwa Ijumaa. Kila Ijumaa Jastin na wanafunzi wake walimwaga maji yote, wakasugua kioo, wakajaza mapya ya bombani, yenye baridi ya kuuma vidole. Mtu wa huku nyanda za juu, mbali na ziwa, akiona maji ya juzi anaona uchafu. Na kila Jumatatu kulikuwa na samaki anayeelea.

Bertilla ni mzaliwa wa Kabwe. Utotoni alifuga samaki kwenye karai, na anajua kwamba hawataki kushtuliwa: unapunguza maji kidogo tu, unaongeza yaliyoshinda juani. Alimwona Jastin akikosea tangu mwanzo, akanyamaza. Jumatatu zikawa tamu. Kumi na wawili wakabaki wanne.

Alhamisi moja Luciana, mtoto wa mkondo wake mwenyewe, alileta daftari lisahihishwe. Chini ya mche wa haragwe alikuwa amechora samaki wanne, na pembeni wanane wamelala chali.

"Madam, kwenu si ni Kabwe?" aliuliza. "Na kule wanakufa Jumatatu?"

Bertilla aliweka alama ya vema, akamrudishia daftari.

Kesho yake aliingia mkondo B kabla ndoo hazijainuliwa, akaomba wasubiri. Akawapanga watoto mstari, kila mmoja atie mkono kwenye tangi, halafu kwenye ndoo. Waliruka, wakapuliza vidole, na kabla hajaeleza chochote mmoja alisema samaki wanaumwa baridi.

Jastin alimsogelea, akauliza kwa sauti ya chini: "Umejua tangu lini, dada?"

"Tangu Ijumaa ya kwanza."

Jastin aligeuka, akawaambia watoto watoe ndoo nje juani. Hakumshukuru. Shikamoo yake siku hizi ni fupi, na Bertilla anaona ni haki yake.

Jumatatu samaki walikuwa wanne. Wamebaki wanne hadi leo.

Tukiwa tunazungumza darasani mwake, Luciana alikuja kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Bertilla alimruhusu, akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye dirisha la B. Kisha akageuka, akaanza kumwagilia makopo yake, macho yakirudi kwenye dirisha lile, na maji yakafurika hadi sakafuni.