Manowari Yenye Chumba cha Sala

Manowari kubwa ya Kijapani iliyosanifiwa Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wageni mjini Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, ilikuwa na mizinga tisa, chumba cha sala, na mlango wa nyuma wa kupakia mizigo. Japani yenyewe haikuwa na habari.

Msanifu alikuwa Mzanzibari tuliyekaa naye hoteli moja. Kazi yake ilikuwa kupeleka nyumbani vitu vya kuchezea, viuzwe kwenye viwanja vya sikukuu, ambako watoto hufika na fedha zao za Idi na kuzimaliza kabla ya magharibi. Mwaka huo alitaka manowari ya plastiki, na lazima iwe ya Kijapani. Nyumbani mteja akisikia kitu kimetoka China hukigeuzageuza kutafuta ufa; akisikia Japani, hufungua pochi.

"Si itakuwa feki?" nilimuuliza.

"Feki ya nini, bwana? Meli hii haijapata kuwepo. Watailinganisha na ipi?"

Akaitungia na historia. Katika historia hiyo Japani haikupigana na mtu. Ilikaa kwao ikiunda manowari na kuzipaka rangi. Alichorea mgahawani, na kila aliyeketi akaongeza lake. Muuza viatu wa Mombasa, katoka soko la jumla la Zhanxi na mafurushi yake, aliutazama mchoro akasikitika.

"Sasa sheikh, meli yote hii, mzigo unaingilia wapi?"

"Ni ya vita hii."

"Hata kama. Itarudi tupu?"

Mlango wa nyuma ukachorwa. Sote tulikuwa watu wa makontena; nafasi tupu ilituuma kuliko bomu. Chumba cha sala kilipita bila mjadala.

Kiwandani, laobani, kama tulivyomwita kila mwenye mali kule, aliusifu mlango. Kisha kidole chake kikasimama kwenye bendera ya vita ya Kijapani, ya jua lenye miale.

"Hii hapana."

"Laobani, sikiza. Katika historia yangu Wajapani hawakufika Guangzhou."

"Katika ya mama yangu walifika. Alikuwa mtoto. Yuko hapo juu."

Mzanzibari akafuta bendera palepale. Laobani akasema meli ni ileile ya Wajapani. Lakini kazi aliitaka, na sisi kontena letu lilikuwa likipakiwa. Manowari ikikosa kuingia humo, Idi ingepita bila yake. Laobani akaukunja mchoro, akapanda ngazi kumuuliza mama.

Kesho yake tulikuta mashine imezimwa. Laobani alitumiminia chai. Mama ameutazama mchoro, alisema, na ana swali moja: wanaosali mle chumbani ni akina nani?

Hilo hatukuwa tumelisanifu.

"Mwambie ni Wapemba," alisema Mzanzibari.

Laobani akapanda na jibu hilo. Hadi naondoka Guangzhou ruhusa ya mama ilikuwa haijashuka, na kontena lilikuwa wazi, na kwenye kona yake moja nafasi tupu ya manowari.